Paul Ehrlich, Fundi wa Rangi Aliyetufundisha Kuiona Pumu

Katika gazeti letu la shule tumezoea kusoma habari za watu mashuhuri walioshinda vita, walioongoza mataifa au waliotunga vitabu. Muhula huu nimeona vema niandike habari za mtu ambaye silaha zake zilikuwa kipande cha kioo, tone la damu na chupa za rangi. Mtu huyo ni Daktari Paul Ehrlich, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1915. Wengi wanaolijua jina lake hulijua kwa sababu ya dawa ya kaswende. Mimi nimemchagua kwa sababu nyingine. Katika mabweni yetu wamo wanafunzi wenye pumu, nami ni mmoja wao. Na kazi aliyoifanya Bwana Ehrlich alipokuwa kijana wa miaka 25 tu ndiyo inayowasaidia madaktari wa leo kujua ni mgonjwa yupi wa pumu apewe dawa ipi, na kwa kiasi gani.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia. Siku zile jimbo hilo lilitawaliwa na mfalme wa Prussia. Leo mji huo umo nchini Poland na huitwa Strzelin. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, Bwana Ismar Ehrlich, alikuwa na nyumba ya wageni na alitengeneza vileo. Mama yake, Bibi Rosa, alikuwa wa ukoo wa Weigert, na katika ukoo huo alikuwapo binamu mmoja, Karl Weigert, aliyemzidi Paul umri kwa miaka 9. Karl alisomea udaktari, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kutia rangi vijidudu na nyama za mwili ili zionekane vizuri katika hadubini. Mtoto Paul alimwona binamu yake akifanya kazi hiyo, akavutwa nayo maisha yake yote. Mkono mmoja haulei mwana, na huyu alilelewa na baba, mama na binamu.

Alipelekwa kusoma katika mji mkubwa wa Breslau. Yafaa wanafunzi wenzangu wajue kwamba hakuwa nyota wa darasa katika kila somo. Alipenda Kilatini na hesabu, lakini insha za Kijerumani zilimtesa sana. Husimuliwa kwamba katika mtihani wa mwisho walipewa insha juu ya habari ya kuwa maisha ni ndoto. Wenzake wakaandika maneno mazuri ya kishairi. Yeye akaandika kwamba maisha ni kuungua polepole kwa vitu vya mwili kwa hewa tuivutayo, na kwamba ndoto ni mwanga tu utokao katika ubongo unapofanya kazi yake. Walimu hawakufurahi hata kidogo, naye akaponea chupuchupu. Kumbe tayari kijana huyu alikuwa akiutazama mwili wa binadamu kama mtu wa kemia autazamavyo.

Hapa sina budi kueleza habari ya rangi zenyewe, maana pasipo hizo jina la Ehrlich lisingalijulikana. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Badala yake alipata rangi ya zambarau nzuri mno, iliyokamata katika kitambaa bila kuchujuka. Tangu siku hiyo viwanda vya rangi vikaongezeka upesi, hasa katika Ujerumani, na kila mwaka rangi mpya zikatoka. Wafanyabiashara walizitaka kwa ajili ya nguo. Ehrlich alizitaka kwa ajili ya jambo jingine. Aliona kwamba rangi moja hukamata katika sehemu hii ya mwili na kuiacha ile, na rangi nyingine hufanya kinyume chake. Akajiuliza sababu ni nini. Swali hilo moja lilimwongoza tangu ujana hata kaburini.

Alisomea udaktari katika vyuo vya Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Meza yake ilijulikana kwa madoa ya kila rangi, na mikono yake vilevile. Husimuliwa kwamba Daktari Robert Koch alipotembelea Breslau alionyeshwa kijana huyo, akaambiwa kwamba ni hodari sana wa kutia rangi lakini mitihani hatafaulu kamwe. Alifaulu. Mwaka 1878 alipata shahada ya udaktari huko Leipzig kwa maandiko juu ya elimu ya kutia rangi. Katika utafiti wa miaka hiyo alieleza chembe fulani za mwili zilizojaa punje tele, akazipa jina la Kijerumani lenye maana ya kunona, kwa kuwa alidhani zimeshiba chakula. Leo twajua kwamba chembe hizo zilizonona hazikushiba chakula. Punje zake zimebeba vitu vinavyoleta mwasho, na zina sehemu kubwa katika mafua ya vumbi na katika pumu.

Mwaka uleule akapata kazi katika hospitali kubwa ya Charité mjini Berlin, chini ya Profesa von Frerichs, mzee aliyemwacha kijana wake afanye utafiti apendavyo. Ndipo mwaka 1879 akafanya kazi ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Madaktari wa wakati ule walijua kwamba katika damu mna chembe nyekundu na chembe nyeupe. Mwingereza mmoja, Wharton Jones, alikuwa ameona mwaka 1846 kwamba baadhi ya chembe nyeupe zina punje kubwa ndani yake. Lakini kuzitenganisha aina kwa aina lilikuwa jambo gumu, kwa sababu damu isiyotiwa rangi, ukiitazama katika hadubini, ni kama kutazama mchanga mweupe usiku wa mbalamwezi. Ehrlich alichukua tone la damu, akalitandaza jembamba juu ya kioo, akalikausha kwa moto wa kadiri, kisha akalitia rangi. Miongoni mwa rangi alizotumia ilikuwamo iitwayo eosini. Jina hilo limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya alfajiri, nayo ina wekundu wa mawingu ya asubuhi. Eosini ina tabia ya asidi, kwa hiyo hukamata vitu vyenye tabia iliyo kinyume cha asidi. Alipotazama akaona chembe chache nyeupe ambazo punje zake zimenywa eosini yote na kung'aa kwa wekundu mwangavu. Chembe hizo akaziita eosinofili, yaani zipendazo eosini. Nyingine zilipenda rangi za aina ya pili, na nyingine hazikuegemea upande wowote. Hivyo ndivyo alivyozigawa chembe nyeupe zenye punje katika makundi matatu, na mgawanyo huo unafundishwa mpaka leo katika kila chuo cha udaktari duniani.

Katika mtu mwenye afya njema eosinofili ni chache. Kwa kawaida kati ya chembe nyeupe 100 utazikuta 1 hadi 4 tu. Zikizidi, yafaa daktari aulize kulikoni. Ehrlich mwenyewe hakujua kazi yake yote katika mwili. Alifanya lililo kubwa zaidi: alizifanya zihesabike. Na kitu kikishahesabika, watu hawabishani tena kwa kelele, huhesabu.

Nisisahau kusema kwamba sisi sote tumewahi kuguswa na kazi hii. Aliyepata kuchomwa kidole hospitalini ili damu yake itazamwe kwenye kioo kama ina malaria, kioo chake hutiwa rangi zenye eosini pamoja na rangi za jamii ya buluu ya methilini. Mchanganyiko huo ulitengenezwa na watu waliomfuata Ehrlich, akiwamo Gustav Giemsa wa Hamburg mwaka 1904, ambaye jina lake laandikwa kwenye chupa za maabara hadi sasa.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya kupanda na kushuka. Tarehe 24 Machi 1882 alikuwapo katika mkutano wa Berlin ambamo Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ehrlich alirudi upesi kwenye maabara yake akatafuta njia bora ya kukitia rangi kijidudu hicho. Husimuliwa kwamba aliacha vioo vyake juu ya jiko lililopoa ili vikauke usiku, na asubuhi mtumishi akawasha moto bila kuviona. Ehrlich alidhani kazi imeharibika, kumbe lile joto ndilo lililoifanya rangi iingie barabara. Mwaka 1883 alimwoa Bibi Hedwig Pinkus, wakajaliwa binti wawili. Lakini Profesa von Frerichs alipofariki mwaka 1885, bwana mkubwa mpya hakuupenda mtindo wake wa kazi. Kisha akaugua, na katika makohozi yake mwenyewe akakiona kile kijidudu cha kifua kikuu kwa rangi ile ile aliyoitengeneza. Ikambidi aende Misri akae katika hewa kavu mpaka alipopona. Aliporudi Berlin mwaka 1889 hakuwa na kazi, akajifungulia maabara ndogo kwa gharama yake.

Koch hakumsahau. Mwaka 1891 alimwita katika taasisi yake ya maradhi ya kuambukiza. Hapo Ehrlich alifanya kazi pamoja na Emil von Behring juu ya dawa ya dondakoo, maradhi yaliyowanyonga watoto wengi. Dawa hiyo ilitokana na maji ya damu ya wanyama waliozoeshwa sumu ya ugonjwa. Shida ilikuwa kwamba chupa moja ilikuwa na nguvu na nyingine dhaifu, na daktari hakujua ameshika ipi. Ehrlich akabuni kipimo cha nguvu ya dawa hiyo, ili chupa ya Berlin iwe sawa na chupa ya mji mwingine. Mtu asiyefikiri sana aweza kuona kuwa kupima ni kazi ya karani. Lakini dawa isiyopimwa ni bahati nasibu, na mtoto anayekabwa koo hana muda wa bahati nasibu. Kwa kazi zake juu ya kinga ya mwili, Ehrlich alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Mrusi Ilya Mechnikov.

Mwaka 1899 alihamia Frankfurt, akawa mkuu wa taasisi ya serikali ya huko, na mwaka 1906 mjane tajiri, Bibi Franziska Speyer, akamjengea nyumba nyingine ya utafiti kwa ukumbusho wa mumewe. Sasa lile swali lake la ujana likazaa swali la pili. Ikiwa rangi yaweza kukamata kijidudu na kuuacha mwili, je, haiwezekani kupata dawa itakayokwenda moja kwa moja kwa adui kama risasi ya mlenga shabaha hodari, bila kumdhuru mgonjwa? Hapa historia yake yagusa nchi zetu. Mwaka 1904 yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga walipata rangi nyekundu iliyoua katika panya vijidudu vya jamii ya malale. Wakati huohuo malale yalikuwa yakiwamaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Robert Koch alikuja huko mwaka 1906, akapiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, akawatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili, yenye aseniki ndani yake. Wengi walipata nafuu kwa muda, lakini kwa dozi kubwa baadhi walipofuka macho. Risasi ile ilikuwa ikimpiga adui na rafiki. Ehrlich na mkemia wake Alfred Bertheim wakachunguza jinsi atoksili ilivyojengwa, wakaanza kuibadilisha kidogo kidogo, wakatengeneza dawa mamia kwa mamia na kuzipa namba. Namba 606 iliwahi kuwekwa kando kuwa haifai. Mwaka 1909 Mjapani mwingine, Sahachiro Hata, akaijaribu upya kwa uangalifu na kuona kwamba inaponya kaswende katika sungura. Mwaka 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Haikuwa dawa kamili. Ilikuwa ngumu kuchoma na iliwadhuru baadhi ya wagonjwa, na Ehrlich akasemwa vibaya magazetini. Hata hivyo ndiyo iliyofungua mlango wa dawa zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya kijidudu fulani.

Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, asiyejali mavazi. Alivuta sigara kubwa mchana kutwa, na sanduku la sigara alilibeba kwapani. Katika hilo nasihi tusimfuate. Kila siku aliwaandikia wasaidizi wake kazi zao juu ya vipande vya kadi. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915 huko Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61, wakati vita kuu ya kwanza ikiendelea. Akazikwa katika makaburi ya Wayahudi mjini Frankfurt. Wanazi walipotwaa utawala mwaka 1933 walitaka asahaulike kwa kuwa alikuwa Myahudi. Jina lake likafutwa katika barabara iliyoitwa kwa heshima yake, na mjane wake ikambidi kuikimbia nchi. Baada ya vita jina likarudishwa, na miaka mingi baadaye picha yake ikatiwa katika noti ya marki 200 ya Ujerumani, kabla nchi hiyo haijaanza kutumia fedha ya euro.

Sasa nirudi kwenye pumu, kama nilivyoahidi. Pumu si baridi iliyoingia kifuani, wala si ugonjwa wa woga. Ni maradhi ya njia za hewa. Njia hizo huwa zimevimba na kuwashwa kwa ndani, hutoa ute mzito, na zikichokozwa na vumbi, moshi, mafua au mbio hujibana, na mgonjwa akasikika akikorota. Katika mwaka 1853 Mfaransa Charcot, na baadaye mwaka 1872 Mjerumani Leyden aliyetazama makohozi ya wenye pumu, waliona vipande vidogo vyenye ncha mithili ya sindano. Mwaka 1889, miaka 10 tu baada ya kazi ya Ehrlich, daktari aitwaye Gollasch alitia rangi makohozi ya wenye pumu akakuta eosinofili zimejaa. Baadaye ikajulikana kwamba hata zile sindano hutokana na chembe hizo. Basi lile doa jekundu la Berlin likawa alama ya uvimbe ndani ya kifua, mahali ambapo jicho la daktari haliwezi kufika.

Ilichukua muda mrefu alama hiyo kutumiwa. Dawa za jamii ya steroidi zilipopatikana, madaktari hawakuelewana. Wengine walisema zafaa kwa pumu, wengine hazifai. Mwaka 1958 Daktari Harry Morrow Brown, wa mji wa Derby, Uingereza, alitazama makohozi ya wagonjwa wake katika hadubini kabla ya kuwapa dawa. Akaona kwamba waliokuwa na eosinofili walipata nafuu, na wasiokuwa nazo hawakupata. Kumbe mabishano yote yalitokana na kuita kwa jina moja watu wenye hali mbili.

Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 2002 kutoka Leicester, Uingereza. Wagonjwa 74 wenye pumu nzito waligawanywa mafungu mawili kwa muda wa mwaka mmoja. Fungu la kwanza walitibiwa kwa desturi, yaani kwa kuulizwa hali na kupimwa pumzi. Fungu la pili, dawa yao iliongezwa au kupunguzwa kwa kuhesabu eosinofili katika makohozi. Fungu la desturi walipatwa na mashambulio makali 109. Fungu la kuhesabu walipatwa na 35. Waliolazwa hospitalini kwa pumu walikuwa 6 upande mmoja, na 1 tu upande wa pili. La ajabu ni kwamba, kwa jumla, fungu la kuhesabu hawakutumia dawa nyingi zaidi. Dawa ilikwenda tu kwa wale iliowafaa.

Kupima makohozi ni kazi ya maabara na yahitaji fundi. Kwa hiyo watu wakatafuta njia nyepesi. Mwaka 1991 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba pumzi ya mtu ina gesi kidogo sana ya naitriki oksaidi, na mwaka 1993 wakaona kwamba kwa wenye pumu gesi hiyo huzidi. Mgonjwa hupuliza taratibu katika kifaa, na kifaa husoma kiasi. Kwa mtu mzima, kipimo kilicho chini ya 25 katika bilioni chaonyesha kuwa uvimbe wa aina hii huenda haupo. Kikipita 50, huenda upo na dawa ya steroidi itafaa. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, maana mvutaji wa sigara husomeka chini kuliko haki yake. Utafiti waonyesha kwamba kukitumia hupunguza mashambulio, ingawa hakibadilishi sana dalili za kila siku.

Tena kuna dawa mpya, kingamwili zilizotengenezwa ili kuzuia kitu kinachozilisha eosinofili. Mojawapo, mepolizumabu, ilijaribiwa kwa wenye pumu wa kila namna, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yakawa hafifu. Mwaka 2009 ikajaribiwa tena, safari hii kwa wale tu ambao eosinofili zao zilikuwa juu, na mashambulio yakapungua waziwazi. Dawa ni ileile, ila wagonjwa walichaguliwa. Naona kwamba hiyo ndiyo risasi aliyoiota Ehrlich, nayo imempata adui kwa msaada wa chembe alizozitia rangi yeye mwenyewe.

Wapo watakaouliza: haya ya Leicester na Sweden yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, ila kwa uangalifu. Huku kwetu eosinofili huzidishwa pia na minyoo, kama safura na kichocho. Daktari akisoma hesabu ya damu bila kukumbuka hayo, aweza kukosea. Mwaka jana wakati wa likizo nilipimwa damu katika hospitali ya mkoa, na eosinofili zikaonekana juu. Daktari hakuandika dawa ya pumu palepale. Alitaka kwanza choo changu kipimwe, safura ikaonekana, nikapewa dawa ya minyoo. Niliporudi baada ya wiki kadhaa hesabu ilikuwa imeshuka, lakini si mpaka kawaida, na kifua kilikuwa bado kinabana usiku. Ndipo akanipa inhela ya steroidi ya kuvuta kila asubuhi na jioni, akanieleza kwa subira yale yaliyonifanya niende maktaba kumtafuta Ehrlich.

Alinieleza kwamba inhela zetu ni za aina mbili. Ya buluu hufungua njia za hewa kwa saa chache tu, uvimbe hauuondoi. Ya steroidi haitoi nafuu ya papo hapo, lakini hutuliza uvimbe siku kwa siku. Wenzetu wengi hutumia ya buluu peke yake, kwa sababu ni rahisi kwa bei na nafuu yake huonekana mara moja. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeshauri kwamba vijana na watu wazima wasitibiwe kwa hiyo peke yake, maana mtu aweza kujisikia mzima huku uvimbe ukizidi ndani, hata siku moja akashikwa usiku wa manane, bweni zima limelala na zahanati imefungwa. Hospitali nyingi za karibu nasi hazina kifaa cha kupima pumzi, lakini hadubini zipo, na rangi ya eosini ipo. Kwa hiyo mwenye pumu na aende kwa daktari hata siku ambayo hakoroti, aulize habari ya uvimbe, akubali kupimwa damu na choo, wala asiiache dawa ya kila siku kwa sababu tu amelala vizuri wiki mbili.

Katika maisha ya Paul Ehrlich nimejifunza mambo matatu. La kwanza, mtu aweza kushindwa insha na bado akaufaa ulimwengu, mradi awe na swali moja asiloliacha. La pili, kazi ndogo iliyofanywa kwa uangalifu haipotei. Alitia rangi tone la damu mwaka 1879, na miaka 123 baadaye watu wa Leicester wakaokolewa na mashambulio kwa kazi hiyo. La tatu, na hili ni kwa wale kati yetu wanaotaka kuwa madaktari na wauguzi: kabla ya kutoa dawa, pima, na ukiisha kupima, uliza tena kama kipimo hicho chaweza kuwa na sababu nyingine. Huko ndiko kumheshimu mgonjwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne